Jicho Lisilopiga Hodi

Mwaka 2019, mzee mmoja wa kanisa katika usharika tuliokuwa tukiutumikia aliacha kushiriki Meza ya Bwana. Ibadani alikuja kama kawaida. Alikaa kwenye benchi lake la siku zote, akaimba, akatoa sadaka. Lakini washarika walipopanga mstari kwenda altareni, yeye alibaki ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza tulidhani anaumwa. Mara ya tatu tulimfuata nyumbani.

Tulikaa kitambo kirefu kabla hajasema neno. Mwishowe alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua pepe aliyoinakili kwa mkono wake mwenyewe. Mwandishi asiyejulikana alisema kwamba ameingia ndani ya kompyuta ya mzee wetu, ameifungua kamera yake kwa siri, na amemrekodi akiwa peke yake mbele ya picha chafu. Alitaka alipwe kwa fedha ya mtandaoni iitwayo Bitcoin. Asipolipwa, video hiyo ingetumwa kwa ndugu, marafiki na watu wa kazini. Na ili aaminiwe, alitaja nenosiri la mzee. Kweli lilikuwa lake, la zamani.

Tuliuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Akatuonyesha pembeni mwa sebule kompyuta ya mezani, ya miaka mingi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tuliifunua, tukaikagua mbele na nyuma. Haikuwa na kamera.

“Nilidhani siku hizi zote zinayo, imefichwa ndani,” alisema, na sauti ikamkauka.

Kwa wiki kadhaa mtu mzima, baba wa familia, alikuwa amejitenga na mwili na damu ya Bwana kwa ajili ya jicho ambalo halikuwapo. Ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili bila jina lake, kwa sababu anaamini wapo wengine waliokaa gizani kama yeye. Nasi tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: hofu hii imetoka wapi? Je, ni hofu ya mjinga, au ina mizizi? Na kanisa lina neno gani la kusema juu yake?

Ili kujibu, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kamera ya kwanza iliyopata sifa kwenye intaneti haikumtazama mtu. Ilitazama chombo cha kahawa. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walichoka kutembea hadi chumba kilichoitwa Trojan Room na kukuta kahawa imekwisha. Wawili kati yao, Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky, wakaelekeza kamera kwenye chombo hicho na kuandika programu ya kuionyesha picha yake kwenye kompyuta za wenzao. Novemba 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanatazama kahawa ambayo hawataionja kamwe. Kamera ile ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001. Hakuna aliyeumizwa nayo, kwa maana chombo cha kahawa hakina aibu.

Mwaka 1994 ilitoka madukani kamera ndogo ya mviringo, mfano wa mpira, iliyoitwa QuickCam, kwa bei ya dola 100 hivi. Jicho likatoka maabara likahamia mezani kwa watu. Miaka miwili baadaye, Aprili 1996, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Pennsylvania, Marekani, aitwaye Jennifer Ringley, aliweka kamera chumbani mwake, picha zikawa zinakwenda mtandaoni kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Aliendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka 2003. Tunaweza kuhoji hekima ya jambo hilo. Lakini tulikumbuke hili: mlango aliufungua mwenyewe, na siku alipotaka, aliufunga mwenyewe.

Kisha kamera ikaacha kuwa kifaa cha kuchomeka na kuchomoa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ikawa inajengwa ndani ya kompyuta mpakato, juu ya kioo, ikimwelekea mwenye nyumba. Simu nazo zikapata macho mawili, moja mbele na moja nyuma. Zamani kamera uliweza kuigeuzia ukutani. Sasa ukitaka isikuone, lazima ufunge kompyuta yote. Hapo ndipo taabu ilipoanza, nayo ilikuja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa shule. Katika wilaya ya shule ya Lower Merion, karibu na jiji la Philadelphia, kila mwanafunzi wa sekondari alipewa kompyuta mpakato ya kwenda nayo nyumbani. Ndani yake kulikuwa na programu ya kutafuta kompyuta iliyoibiwa: ikiwashwa kutoka mbali, kamera inapiga picha ya aliye mbele yake. Februari 2010 familia moja ilikwenda mahakamani. Mtoto wao alikuwa ameonyeshwa na kiongozi wa shule picha yake iliyopigwa akiwa chumbani kwake, akituhumiwa kushika vidonge. Familia ilisema ni peremende. Uchunguzi ulipofanyika, zikaonekana picha zaidi ya 50,000, za kamera na za vioo vya kompyuta, zilizokusanywa na mfumo ule. Baadhi ya watoto walipigwa wakiwa vyumbani mwao. Oktoba mwaka huohuo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Nia iliyotajwa tangu mwanzo ilikuwa kulinda mali ya shule.

Njia ya pili ilikuwa serikali. Februari 2014 gazeti la The Guardian la Uingereza, likitumia nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, lilieleza mpango ulioitwa Optic Nerve. Shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, lilikuwa likichota picha kutoka mazungumzo ya video ya watumiaji wa Yahoo, picha moja kila baada ya dakika tano, bila kujali kama mtu anatuhumiwa au hatuhumiwi. Katika miezi 6 tu ya mwaka 2008 zilichukuliwa picha kutoka akaunti zaidi ya milioni 1.8. Nyaraka zenyewe zilikiri kwamba sehemu isiyo ndogo ya picha hizo ilionyesha watu wakiwa uchi. Hao walikuwa mume na mke waliotenganishwa na safari, wachumba, watu waliodhani wako wawili tu. Nia iliyotajwa ilikuwa usalama.

Njia ya tatu ilikuwa mwizi mwenyewe. Mwaka 2013 msichana wa California aliyevikwa taji la Miss Teen USA alisema hadharani kwamba mtu asiyemjua alikuwa amemtumia picha zake zilizopigwa chumbani kwake kupitia kamera ya kompyuta, akimtisha. Polisi walipomkamata mtu huyo, alikuwa kijana aliyewahi kusoma naye shule moja. Alikuwa amewafanyia hivyo wasichana wengine pia. Machi 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Miezi miwili baadaye polisi wa nchi nyingi waliwakamata watu kadhaa waliouza na kutumia programu iitwayo Blackshades, ambayo humpa mtu uwezo wa kuishika kompyuta ya mwenzake kutoka mbali, pamoja na kamera yake. Bei yake ilianzia dola 40. Wapelelezi wa Marekani walisema kompyuta zaidi ya nusu milioni, katika nchi zaidi ya 100, zilikuwa zimeambukizwa.

Wapo watakaosema: si kuna taa ndogo inayowaka kamera ikifanya kazi? Ipo. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba katika baadhi ya kompyuta za Apple zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2008, kamera iliweza kuwashwa bila taa kuwaka. Ndiyo maana mwaka 2016 James Comey, mkuu wa FBI wakati huo, alisema kwamba ameziba kamera ya kompyuta yake kwa kipande cha selotepu. Na mwaka huohuo Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, akapigwa picha huku kompyuta iliyo nyuma yake imezibwa vivyo hivyo. Wenye maarifa na wenye mali waliona haya kukosa selotepu kuliko kuwa nayo.

Basi hofu si ya mjinga. Ina mizizi. Na juu ya mizizi hiyo ya kweli ikaota biashara ya uongo. Mwaka 2018 zilianza kuenea duniani barua kama ile aliyoipokea mzee wetu. Waandishi wake kwa kawaida hawana video yoyote. Wanachukua maneno ya siri yaliyoibwa zamani kutoka tovuti zilizovunjwa, yanayouzwa kwa maelfu, na kutuma barua moja kwa watu wengi mno. Hawahitaji kamera yako. Wanahitaji aibu yako tu. Wanajua kwamba mtu akiogopa kuaibika hatamwuliza mtu yeyote, na asipouliza, atalipa.

Tukizitazama njia hizo tatu tunaona kwamba kila mmoja alikuwa na sababu yake: shule mali, serikali usalama, mwizi tamaa na fedha. Hazilingani kwa uovu, wala hatusemi zinalingana. Lakini wote watatu walikosa jambo moja ambalo kwetu hata mtoto mdogo hufundishwa. Hawakupiga hodi. Katika nyumba zetu jirani anaweza kuwa anakufahamu tangu kuzaliwa, mlango ukawa wazi na sufuria inaonekana jikoni. Bado atasimama kizingitini aseme hodi, angoje karibu. Hodi haimaanishi kwamba ndani kuna maovu. Inamaanisha kwamba ndani kuna mtu.

Katika vipindi vya Biblia tumeulizwa mara nyingi, na wakati mwingine na waumini waliokomaa: “Mkristo wa kweli ana nini cha kuficha? Mungu si anaona yote?” Swali hilo linaonekana la kiroho, lakini linachanganya macho mawili yasiyofanana.

Ni kweli Mungu anaona yote. Zaburi ya 139 inatufundisha hivyo. Lakini tazameni anavyoona. Katika Mwanzo 16, Hajiri, mjakazi aliyekimbia jangwani, anaonwa na Mungu, naye anamwita Mungu aonaye. Mungu huyo hakumchungulia akiwa amejificha. Alimwita kwa jina, akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, akampa ahadi. Jicho la Mungu hujitambulisha, husema na anayeonwa, na humbeba. Jicho la mwizi hufanya kinyume: linaona lisionwe, linajua lisijulikane, linachukua lisijibu lolote.

Zaidi ya hayo, Mungu huyo aonaye yote ndiye aliyewashonea Adamu na Hawa mavazi, katika Mwanzo 3:21. Walikuwa wamekwisha tenda dhambi. Hakuna kilichofichika kwake. Bado hakusema, “Nimekwisha waoneni, kaeni hivyo.” Aliwasitiri. Tena katika Mwanzo 9, Nuhu alipolala uchi hemani kwa ulevi, alikuwa na kosa lake. Lakini Maandiko yanawasifu Shemu na Yafethi waliotembea kinyumenyume, nyuso zimegeuzwa, wakamfunika baba yao. Kosa la aliye ndani ya hema halimpi aliye nje ruhusa ya kuchungulia.

Na mfalme Daudi, katika 2 Samweli 11, alisimama juu ya dari ya nyumba yake. Alikuwa na kimo, alikuwa na uwezo, na mwanamke aliyekuwa akioga hakujua kwamba anatazamwa. Nabii Nathani alipokuja, hakwenda kwa Bathsheba kumwuliza kwa nini alioga pale. Alikwenda kwa aliyetazama. Hapo tunapaswa kutubu sisi viongozi wa kanisa. Binti akija kwetu akilia kwamba picha zake zimesambazwa, swali letu la kwanza mara nyingi limekuwa: “Ulikuwa unafanya nini?” Tumewapeleka manabii kwenye nyumba isiyo yenyewe.

Baba yetu Martin Luther alilijua jambo hili. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya nane, alifundisha kwamba aibu ya jirani tuisitiri kama vile tunavyovisitiri viungo vya mwili wetu visivyo na heshima. Na mwaka uliofuata, katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 11, Walutheri walitangaza kwamba ondoleo la dhambi la faraghani lisiachwe kanisani, wala mtu asilazimishwe kutaja kila kosa. Wazee wetu wa imani walijua kwamba moyo unahitaji mahali penye mlango. Mlango huo haukuwekwa ili dhambi ifugwe. Uliwekwa ili mwenye dhambi aweze kusema.

Wahenga wetu wanasema mficha uchi hazai. Methali hii huwa inatumiwa kumkaripia anayependa faragha, lakini isikilizeni vizuri. Mama anayejifungua anafunuliwa mbele ya mkunga, ambaye amemchagua au amekubali amsaidie. Hafunuliwi mbele ya anayechungulia dirishani. Kujifunua kwa mkunga ni uzima. Kufunuliwa na mchunguliaji ni jeraha. Faragha maana yake ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayechagua amfungulie nani. Mzee wetu alikosea upande mmoja tu: alimfungia mlango mkunga, kwa kumwogopa mchunguliaji.

Basi tufanye nini? Yaliyo ya mikono ni machache na rahisi. Zibeni kamera ya kompyuta kwa plasta au karatasi msipoitumia. Si dalili ya woga wala ya maovu. Msifungue viambatisho kutoka kwa msiowajua. Mkiweka programu mpya kwenye simu, itazameni inaomba ruhusa gani. Programu ya tochi haina haja ya kamera ya mbele wala ya majina ya jamaa zenu. Msitumie nenosiri moja kila mahali, na lililokwisha ibwa libadilisheni. Barua ya vitisho ikija, msilipe, msijibu. Itunzeni na mpeleke taarifa polisi. Nchi yetu haikukaa kimya: Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Lakini kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, kuna kamera moja tunapaswa kuitazama sisi wenyewe. Ni ya kanisani. Tangu mwaka 2020, wakati wa korona, sharika nyingi zilijifunza kurusha ibada mtandaoni. Ni baraka kwa wagonjwa na kwa watoto wetu walio ughaibuni. Hata hivyo tumewahi kuketi baada ya ibada tukatazama yaliyorushwa, tukamwona mjane amepiga magoti altareni, machozi yanamtiririka, na kamera imemsogelea hadi usoni. Kijana aliyeshika kamera alidhani anafanya vizuri. Picha ilikuwa nzuri. Hakuna aliyempigia mama yule hodi. Alikuwa amekuja kulia mbele za Mungu wake, sisi tukamweka mbele ya watu asiowajua. Nia yetu ilikuwa kueneza Injili, nasi tukajikuta katika safu moja na wale tuliokuwa tukiwalaumu, kila mmoja na nia yake njema mkononi.

Tulizungumza na vijana wa kamera na baraza la wazee, tukakubaliana. Mwanzoni mwa kila ibada mshereheshaji huwatangazia watu kwamba ibada inarushwa, na yako mabenchi upande wa kushoto yasiyofikiwa na kamera. Watoto hawaonyeshwi nyuso kwa karibu bila wazazi kuulizwa. Na watu wanapoanza kusogea altareni kwa ajili ya Meza ya Bwana, kijana huigeuza kamera ikatazama msalaba ukutani. Wanaofuatilia kutoka mbali husikia kwaya tu, na miguu ikipita.

Mzee wetu alikuja ofisini katikati ya juma lile tulilomtembelea. Tulifunga mlango. Yaliyosemwa humo hayamo katika maandishi haya wala hayatakuwamo katika mengine. Jumapili iliyofuata, wito ulipotolewa, aliinuka kwenye benchi lake, akasimama kwenye mstari pamoja na wenzake, akaja.